Kahawa Iliyoshindwa Kumlaza Mkaguzi

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo mtu asijisumbue kuitafuta. Na akihisi anaishi humo, hilo ni jambo lake na daktari wake. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina uwanja wa ndege, na ina Mlezi Mkuu anayetupenda kuliko tunavyojipenda wenyewe. Tunalijua hilo kwa sababu hutangazwa redioni kila asubuhi kabla ya bei za mazao.

Katika nchi hiyo watu walikuwa wakinywa kahawa. Si ile ya maziwa na povu ya hotelini. Kahawa chungu, nyeusi, yenye tangawizi, kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, na kashata pembeni. Muuzaji hupita na birika lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe kwa vidole, na mwanamume akiusikia mlio ule hutoka nje hata kama alikuwa katikati ya ugomvi na mkewe. Hukaa barazani, hunywa, huongea. Shida ilianzia hapo kwenye kuongea.

Mume wangu, Kibwana, alikuwa muuzaji wa kahawa. Mtu mpole, wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Yaliyompata nayaeleza kama yalivyokuwa, na asiyeamini aulize majirani, kama bado wanaongea na mimi.

*

Tuliitwa uwanjani kumsikiliza Mheshimiwa Kilindo, Waziri wa Afya, Utulivu na Mapigo ya Moyo.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Serikali yenu sikivu imefanya utafiti wa kina na kugundua kwamba ndani ya kahawa yenu mna kitu kinachoitwa kafeini. Kafeini hii inaingia mwilini bila kibali, inapanda kichwani bila kibali, na inamfanya raia awe macho katika saa ambazo Serikali haijamhitaji awe macho!"

Tukapiga makofi. Kuanzia siku hiyo, akaendelea, nchi nzima ingekunywa Kahawa Tulivu, kahawa iliyoondolewa kafeini kwenye kiwanda cha taifa. Moyo hautadunda ovyo. Mikono haitatetemeka. Mjamzito atakunywa bila hofu, mwenye kiungulia atapata nafuu, na kila raia atalala usingizi wa mtoto.

Mengi kati ya hayo yalikuwa kweli, na mimi husema kweli hata ikiwa inaisaidia Serikali. Mama mkwe wangu, Bi Mboni, alikuwa akinywa kikombe kimoja tu cha kahawa ya kawaida, moyo unamwenda kama cherehani. Alipoanza Kahawa Tulivu alikunywa vikombe viwili, akaswali, akalala hadi asubuhi. Kwa mtu kama yeye ile ilikuwa neema. Angeachiwa achague mwenyewe, ningeishia hapo na kumshukuru Waziri.

Lakini mimi hukuna nazi. Nikishachuja tui, machicha nayaona, najua nitayapeleka kwa kuku. Kitu kikitolewa mahali, lazima kiende mahali. Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, hiyo kafeini mkishaitoa kwenye kahawa, mnaipeleka wapi?"

Waziri akatabasamu kwa meno yote.

"Swali zuri sana. Mama huyu anaitwa nani?" Akamgeukia msaidizi wake. "Mwandike." Kisha akatugeukia sisi, sauti imelegea. "Ndugu zangu, swali hilo limetuumiza viongozi wenu. Sumu hii hatuwezi kuimwaga baharini, samaki watakosa usingizi. Hatuwezi kuizika, mihogo itakesha. Kwa hiyo tumejitolea. Tumeigeuza vidonge vya kumung'unya, na tunavimung'unya wenyewe, mchana na usiku, kwa niaba yenu. Tumeubeba mzigo wenu ndani ya miili yetu!"

Akafuta chozi. Wanawake kadhaa wakalia. Jirani yangu akaniinamia sikioni.

"Ndiyo maana hajapepesa macho tangu aanze kuongea."

*

Majuma ya mwanzo nchi iliumwa kichwa. Ukimkatia ghafla kahawa mtu aliyeinywa tangu ujana, kichwa kitamgonga siku kadhaa, kisha kitaacha. Hilo linajulikana. Wizara ya Afya, Utulivu na Mapigo ya Moyo ilikuwa na maelezo mengine, na ikatoa onyo dhidi ya maumivu ya kichwa ya kichochezi. Nilimpeleka Kibwana zahanati.

"Kinakuuma tangu lini?" daktari akauliza.

"Tangu juzi."

"Kinakuuma peke yako, au mko wengi?"

Kibwana, ambaye hajui kudanganya, akasema wako wengi. Nikamvuta shati tukaondoka kabla hajaombwa majina.

Halafu kulikuwa na suala la namna kafeini inavyotolewa. Wapo waliosema kahawa huoshwa kwa maji tu, wapo waliosema hutiwa dawa yenye harufu ya rangi ya mlango. Tulipouliza tukaambiwa njia ya kuoshea ni siri ya ulinzi wa taifa. Kahawa yenyewe ilikuwa na ladha ya gunia. Barazani wakaiita kahawa yatima, ila kwa sauti ya chini, maana kila mtu alikuwa ameanza kumtazama mwenzake machoni.

Macho ndiyo yaliyokuwa ushahidi. Mtu mwenye macho makavu na meupe alikuwa mtu wa kuogopwa. Huenda anayo kahawa ya zamani, kaificha darini. Au hana, ila ni mtu wao, anamung'unya. Ukikutana na askari unapiga mwayo mrefu, yeye anaitikia kwa kichwa, mnapishana salama. Shuleni watoto walifundishwa kupiga mwayo kwa pamoja bendera inapopanda. Mke mmoja mtaani kwetu alimshitaki mumewe kwa kosa la kukumbuka alichoahidi mwaka jana.

Na huku sisi tukisinzia, Bunge likaamka.

Hapo ndipo nilipojua tulivyokuwa tumehifadhiwa. Zamani waheshimiwa walikuwa wakilala tangu dua ya kufungulia hadi chakula cha mchana, na kwa mwaka mzima walipitisha sheria moja, ya kubadilisha jina la mzunguko wa barabara. Sasa walikuwa wamekodoa macho, wamejaa vidonge. Asubuhi moja tu walipitisha sheria ya milango yote kufungukia ndani, sheria ya mbuzi kufungwa mguu wa kushoto, na sheria ya kibali cha kucheka msibani. Mchana wakazirekebisha. Milango ikafungukia nje. Fundi wa mtaa wetu alipomaliza kung'oa bawaba zangu, redio ilitangaza kwamba suala la milango limerudishwa kwenye kamati.

*

Kisha ukaja ukaguzi.

Wizara ilikuwa imeagiza mashine ya kupimia kafeini kutoka ng'ambo. Ikafika, ikapokewa kwa ngoma, ikawekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa hadi Mlezi Mkuu apate nafasi ya kuizindua. Wakati tunasubiri nafasi hiyo, sheria ilisema kipimo kitakuwa afisa. Afisa atakunywa kikombe kimoja, atajilaza kwenye godoro la Serikali, na akisinzia kahawa ni safi. Asiposinzia, muuzaji amechanganya kahawa ya zamani, na atapelekwa Kituo cha Mapumziko ya Taifa.

Katika waliokwenda mapumzikoni namjua mmoja tu aliyerudi. Hadi leo hawezi kukaa akiwa ameupa mlango mgongo.

Mkaguzi wetu aliitwa Afisa Mkunde. Alifika mchana, jua kali, nyuma yake askari wawili wamebeba godoro, na mmoja ana mto wenye nembo ya taifa kwapani. Afisa alikuwa kijana aliyekonda, taya linakwenda bila kukoma, na kidonge kikigonga meno yake kama kokoto ndani ya kopo.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye Kibwana?"

"Marahaba, mheshimiwa. Karibu. Hii ni Kahawa Tulivu tupu, nimeichukua dukani kwenu."

"Hayo utayasema mwili wangu," akasema, akanywa, akavua viatu, akalala.

Mtaa ukanyamaza. Askari mmoja akamfukuza jogoo. Kibwana akawamiminia watu kahawa kutoka birika lile lile ili kupisha muda, na taratibu mtaa mzima ukaanza kulegea. Wazee wa barazani wakaegemeana. Askari wa pili akasinzia amesimama, mto wake mikononi. Kibwana mwenyewe alikuwa anapepesuka. Mtu pekee aliyekuwa macho kwenye mtaa ule, ukiniacha mimi niliyezuiwa na hofu kusinzia, ni Afisa Mkunde, amelala chali, anayaangalia mawingu kama anayadai kitambulisho.

"Sina usingizi," akasema hatimaye.

"Jaribu kulalia ubavu, mheshimiwa," Kibwana akamwambia.

"Nimelalia pande zote."

"Pengine una mawazo."

"Mtumishi wa umma hana mawazo." Akaketi, akatumbukiza kidonge kingine mdomoni. "Samahani sana mzee. Nyanyuka."

Wakampeleka mahabusu kusubiri kesi. Birika waliliacha, lakini makaa waliyamwagia maji.

Bi Mboni alinikuta jikoni.

"Mwanangu hajawahi kuchanganya hata sukari ya mtu," akasema. "Kwa nini yule kijana hakulala?"

"Mama, yule anamung'unya kafeini kutwa kucha. Mpe uji, mpe maziwa, mpige rungu, hatalala. Hakuna mkaguzi atakayelala, na hakuna muuzaji atakayepona."

"Basi kaseme hivyo kortini."

"Nitasema."

"Usiseme kwa huo ukali wako, Mama Siwema."

"Nina mwingine?"

*

Kumbe nisingeweza kusema. Wakili wa bure niliyepewa na Serikali alinieleza mlangoni, katikati ya miayo miwili, kwamba kuvitaja vidonge mahakamani ni kudharau kujitolea kwa viongozi, na adhabu yake inamgusa mshitakiwa, mkewe, na mama mzazi kama yu hai.

"Kwa hiyo nifanye nini?" nikamuuliza.

"Omba huruma," akasema, akaketi kwenye benchi, akalala.

Kwa hiyo kusema hakukuwezekana. Nikaamua nitawaonyesha, waone wenyewe, maana macho wanayo.

Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye macho ya duara, anasikiliza kesi yetu huku anaandika hukumu ya kesi nyingine na kumkemea karani wa kesi ya tatu. Naye taya lilikuwa linakwenda. Kibwana alikuwa kizimbani, amepungua, ameshika mbao kwa mikono miwili. Aliponiona akaniomba radhi kwa midomo bila sauti.

"Mama, una elimu gani?" Hakimu akaniuliza.

"Stashahada, Mheshimiwa."

"Ya nini?"

"Ya lishe."

"Basi ongea kwa kifupi."

"Mheshimiwa, Afisa alikunywa kahawa ya mume wangu, hakulala. Mimi sibishi. Naomba jambo moja tu. Kabla hamjamfunga mtu, mpeni Afisa glasi ya maji. Maji matupu. Kisha ajilaze hapa, mbele ya mahakama, tumwangalie."

Mwendesha mashitaka akaruka. "Mheshimiwa, maji hayahusiki na shauri hili!"

"Kama hayahusiki, hofu yako ni nini?" Hakimu akamwambia, na macho yake yakazidi kung'aa. Mtu ambaye hajalala muda mrefu hupenda utaratibu mpya. "Godoro!"

Likatandikwa kati ya kizimba na meza. Maji yakaletwa kutoka bombani, Hakimu akayanusa, karani akayanusa, Afisa Mkunde akayanywa yote, akalala chali.

Tukasubiri. Nyuma yangu wasikilizaji walianza kuangukiana, mmoja mmoja, hadi mahakama ikawa na mkoromo kama wa kinu cha kusaga. Wakili wangu alikuwa ameshatangulia. Kibwana alikuwa anapigana na kope zake, maskini, maana hata mahabusu walikuwa wakipewa ile kahawa. Na kati yetu sote, juu ya godoro, Afisa Mkunde alikuwa ameikodolea macho feni ya darini, machozi ya uchovu yanamtiririka hadi masikioni.

"Umelala?" Hakimu akauliza.

"Hapana, Mheshimiwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mheshimiwa, natamani sana."

Nikasimama. Sikuweza kujizuia, nilikuwa naona mlango wa kutokea. "Mheshimiwa, mmejionea wenyewe. Amekunywa maji, hakulala. Sasa niambieni, tatizo ni kahawa?"

"La," Hakimu akasema polepole. "Tatizo si kahawa."

Kibwana akafumbua macho. Mimi nikaanza kujifunga kanga kwa safari ya nyumbani.

"Mahakama hii," Hakimu akaendelea, kalamu inakimbia, "imeona kwa macho yake, ambayo hayajafumbwa tangu mwezi uliopita, kwamba Afisa mwaminifu wa Serikali amekunywa maji na kukosa usingizi. Kipimo ni cha kisheria, hakiwezi kukosea. Kwa hiyo maji yana kafeini. Mshitakiwa alipika kahawa halali kwa maji haramu, pasipo kujua. Ameachiwa huru. Maji ya nchi nzima yazuiwe mara moja hadi yatakapoondolewa kafeini."

Akagonga nyundo. Wasikilizaji wakaamka na kupiga makofi, wakidhani ni mwisho wa hotuba.

*

Nilirudi nyumbani na mume wangu, na nilikuwa nimefurahi, siwezi kusema uongo. Alioga kwa ndoo ya mwisho iliyokuwamo ndani.

Asubuhi mabomba yalikuwa yamefungwa kwa lakiri. Visima vikawekwa walinzi. Mtoni walipelekwa wanajeshi wenye amri ya kuzuia maji yasipite kabla ya kukaguliwa, na kwa kuwa maji hayakutii, kamanda wao alisimamishwa kazi. Mchana huo huo tukaanza kuuziwa Maji Tulivu ya chupa, kutoka kiwanda kipya cha taifa. Kibao cha kiwanda kilikuwa juu ya lango, rangi imeshakauka vizuri, na jua lilikuwa limeanza kuipausha. Niliiangalia rangi ile kwa muda mrefu.

Bi Mboni aliyaonja yale maji. "Ni maji," akasema.

"Najua, mama."

"Ni yale yale."

"Najua."

Mimi nikapewa nishani. Mheshimiwa Kilindo mwenyewe alinibandika kifuani, akanitangaza Mvumbuzi wa Kafeini ya Majini, akasema taifa linahitaji akina mama wanaouliza maswali, akacheka, nami nikakumbuka kwamba jina langu analo. Tangu siku hiyo majirani wakipita na madumu yao matupu hawaniamkii. Mmoja alisimama mlangoni kwangu akaitazama ile nishani kwa muda, kisha akaniuliza taratibu, "Mama Siwema, hao ulianza lini kuwafanyia kazi?" Nikamweleza habari yote tangu mwanzo. Akaitikia kwa kichwa. Akaondoka akiwa na hakika zaidi kuliko alipokuja.

Jana Afisa Mkunde alikuja nyumbani. Safari hii hakuwa na askari. Godoro alikuwa amelibeba mwenyewe kichwani, na mikono ilimtetemeka kiasi kwamba Kibwana alimpokea, kwa ile tabia yake ya kumhurumia kila mtu. Akamketisha. Kijana alikuwa na rangi ya majivu. Taya tu ndilo lililokuwa na nguvu.

"Mama," akaniambia, "kuna jambo limetokea kazini. Juzi nilijilaza bila kunywa kitu. Bila kahawa, bila maji, bila hata mate. Tangu asubuhi hadi jua kuzama."

"Na?"

"Sikusinzia." Akanisogelea. "Waziri ameshapata habari. Hakimu pia. Wanasema wewe ndiye mtaalamu, na lolote utakalosema litapelekwa Bungeni, na Bunge liko macho. Mama, kama si kahawa, na kama si maji, ni nini kinachoniingia? Mimi kuna kitu nakishuku, lakini naogopa kukisema peke yangu." Akatazama juu, akatazama pembeni, akavuta pumzi kwa pua, kidogo kidogo, kama mtu anayeonja. "Haiwezekani ikawa hewa?"

Kidonge kikagonga meno yake. Jibu nilikuwa nalo ulimini. Maneno manne tu, *kitoe hicho kidonge mdomoni*, na angelala pale pale kwenye mkeka wangu kama mtoto mchanga. Lakini maneno hayo yana adhabu inayowagusa Kibwana na mama yake. Na mara ya mwisho nilipoisaidia Serikali kufikiri, nchi nzima ilikosa maji.

Nikamtazama Kibwana, aliyekuwa amesimama nyuma ya Afisa na lile godoro mikononi. Alikuwa ameshaanza kubana pumzi.